Tahara haipimwi kwa ukali wa dawa

Sifa zote njema anastahiki Allah (s.w.), Mola Mlezi wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake, maswahaba zake na wote wanaofuata mwenendo wake hadi Siku ya Malipo.

Ndugu Waislamu, mtoto anapopelekwa madrasa, mlango wa kwanza anaofunguliwa katika fiqhi ni mlango wa tahara. Anajua aina za maji kabla hajazijua nguzo za swala. Na hivyo ndivyo inavyotakiwa. Allah (s.w.) ametufahamisha kuwa anawapenda wenye kujitakasa (2:222), akawasifu watu wa msikiti uliojengwa juu ya msingi wa ucha Mungu kwa kuwa wanapenda kujitakasa (9:108), na miongoni mwa amri za mwanzo kabisa alizopewa Mtume (s.a.w.) ni kuzitwaharisha nguo zake (74:4). Hakuna Muislamu anayebishana juu ya hilo.

Lakini liko jambo limejipenyeza katika nyumba zetu, magari yetu na hata misikiti yetu, nalo ni kuupima usafi kwa pua. Choo hatukiiti kisafi mpaka kiwashe macho. Sebule haijasafishwa mpaka mgeni aipokee harufu yake mlangoni. Gari halijaoshwa mpaka lipuliziwe manukato yanayomfanya abiria ateremshe kioo. Tumefika mahali ambapo ukali wa dawa ndio umekuwa ushahidi wa tahara. Je, hayo ndiyo mafundisho ya Uislamu?

Nimelazimika kuandika makala haya kutokana na swali. Mimi ni mwalimu wa Maarifa ya Uislamu katika shule ya sekondari, na jioni nina darsa ndogo ya kina mama mtaani kwetu hapa Dar es Salaam. Siku moja, baada ya kumaliza mlango wa najisi, mama mmoja alibaki nyuma. Akasema: “Ustadh, mimi nina pumu. Nikiosha choo kwa dawa zile kali, usiku silali, nakaa kitako kitandani mpaka adhana ya alfajiri. Nikiacha, mawifi zangu wananiambia nyumba yangu haina tahara na swala zangu hazisihi. Sipendi kuishi na najisi, lakini na mimi nataka nipumue.”

Swali hili si la mama huyu peke yake. Ni la kijana anayeswali barazani kwa sababu zulia la msikiti linamfanya apige chafya mpaka anapoteza idadi ya rakaa. Ni la dereva anayeumwa kichwa kila akifunga vioo na kuwasha kiyoyozi. Ni la mtoto anayekohoa kila masika yanapoingia na ukuta wa chumbani unapoanza kuota madoa meusi. Watu hawa wapo, na mara nyingi tunawadhulumu kwa maneno. Huambiwa wanajidekeza. Wengine huambiwa wana majini, wakasomewa ruqya katika chumba kilichofungwa na kujaa moshi wa ubani! Ruqya ni jambo la sheria, lakini kumfukiza moshi mtu asiyeweza kupumua si katika ruqya.

Sheria inataka nini hasa?

Tuanze na msingi. Najisi inapoingia kwenye nguo, mwili au mahali, sheria inatutaka tuiondoe. Ikiondoka, mahali pale pametwaharika. Chombo kikuu cha kuondolea ni maji.

Bedui mmoja alipokojoa ndani ya msikiti wa Madina na maswahaba wakamjia juu, Mtume (s.a.w.) aliwazuia, akamwacha amalize, kisha akaamrisha ndoo ya maji imwagwe pale. Tukio hili limepokelewa na Bukhari na Muslim. Msikiti ule ulikuwa wa pili kwa utukufu duniani, na ndoo ya maji ilitosha.

Asmaa bint Abi Bakr (r.a.) amesimulia kwamba mwanamke mmoja alimuuliza Mtume (s.a.w.) juu ya damu ya hedhi iliyoingia kwenye nguo. Akaelekezwa aikwangue, aisugue kwa maji, aisuuze, kisha aswalie nguo hiyo. Na katika riwaya ya Abu Daud, Khawla bint Yasar (r.a.) aliuliza itakuwaje kama alama ya damu haitoki. Akajibiwa kuwa maji yanamtosha, na alama iliyobaki haimdhuru.

Hebu tuitazame hukumu hii vizuri. Mafaqihi wetu wamesema kwamba rangi au harufu ya najisi ikibaki baada ya mtu kufanya juhudi ya kuiondoa, husamehewa. Kwa hiyo jibu la mama yule ni jepesi: maji, sabuni na mkono unaosugua vinatosha kabisa. Swala zake zinasihi. Anayemwambia kuwa hana tahara mpaka atumie dawa ya kuchoma pua amezua sharti ambalo Allah (s.w.) hakulileta.

Nisieleweke vibaya. Sisemi kuwa dawa za kuua vijidudu ni haramu. Panapokuwa na mgonjwa wa kipindupindu ndani ya nyumba, klorini huokoa maisha, na maelekezo ya wataalamu wa afya lazima yafuatwe. Lakini hiyo ni tiba na kinga, nayo hutumika kwa kipimo, mahali pake na kwa wakati wake. Kuimwaga kila siku sakafuni kwa kudhani kwamba ndiyo tahara ni kuchanganya mambo mawili.

Aliyekufa kwa sababu ya kuoga

Imepokelewa na Abu Daud kutoka kwa Jabir (r.a.) kwamba katika safari moja mtu alipigwa na jiwe akajeruhiwa kichwani. Usiku akapatwa na janaba kwa kuota. Akawauliza wenzake kama anayo ruhusa ya kutayamamu. Wakamwambia hawaoni ruhusa maadamu maji yapo. Akaoga, akafa. Habari zilipomfikia Mtume (s.a.w.) alikasirika sana, akasema kuwa wao ndio waliomuua, na akawalaumu kwa nini hawakuuliza ilhali hawajui.

Tuzingatie. Watu wale hawakukusudia ubaya. Walikuwa wakimhimiza mwenzao ajitwaharishe, jambo la kheri kabisa. Lakini walilihimiza bila ya kuutazama mwili wake, na Mtume (s.a.w.) hakulichukulia kuwa ni bahati mbaya tu.

Linganisha na Amr bin al-Aas (r.a.) katika vita vya Dhatu Salasil. Alipatwa na janaba usiku wa baridi kali, akahofia kuwa akioga ataangamia, akatayamamu na kuwaswalisha wenzake. Alipoulizwa na Mtume (s.a.w.), alitoa hoja kwa aya inayotukataza kujiua (4:29). Mtume (s.a.w.) akacheka, wala hakusema kitu. Wanazuoni wamekichukua kicheko kile kuwa ni ridhaa.

Ikiwa hata maji, ambayo ndiyo asili ya tahara, yanaachwa yanapohofiwa kuudhuru mwili, vipi chupa ya dawa ya dukani? Kama Allah (s.w.) amemwondolea mgonjwa wajibu wa kuoga, nani aliyetupa sisi mamlaka ya kumlazimisha mwenye pumu kuvuta mvuke wa klorini?

Kitunguu saumu na msikiti

Kuna hoja nyingine iliyo wazi zaidi. Mtume (s.a.w.) alimkataza mtu aliyekula kitunguu saumu au kitunguu maji kuusogelea msikiti, akamtaka akae nyumbani kwake, na akaeleza sababu: Malaika huudhika kwa yale yanayowaudhi wanadamu. Hadithi hii ya Jabir (r.a.) imo katika Sahihi. Na Umar bin al-Khattab (r.a.) katika hotuba yake ya Ijumaa aliwashauri wenye kula vitunguu hivyo wavipike kwanza ili ukali uishe.

Kitunguu saumu ni halali. Ni chakula, na wengine hukitumia kama dawa. Hakina najisi wala sumu. Kilichoangaliwa ni harufu tu na maudhi yake kwa anayesimama safu moja na wewe. Sasa tujiulize: ikiwa harufu ya chakula cha halali inatosha kumzuia mtu asiingie msikitini, itakuwaje hukumu ya harufu ambayo haimuudhi tu jirani yako bali inambana kifua na kumpeleka hospitali?

Atakayesema kwamba manukato ni sunna, tutamjibu kuwa amesema kweli. Mtume (s.a.w.) aliyapenda manukato mazuri, na siku ya Ijumaa yamesisitizwa. Lakini tone la mafuta mazuri kwenye nguo ni jambo moja, na kumimina kopo zima la dawa ya kupuliza ndani ya ukumbi uliofungwa madirisha ni jambo jingine. Sunna haikuja kumtoa mtu katika jamaa.

Wataalamu wanasema nini?

Wako watakaodhani kuwa tunakuza mambo. Mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani (WHO) lilitoa mwongozo juu ya unyevu na ukungu ndani ya majengo. Mwongozo ule umeeleza kuwa wanaoishi au kufanya kazi katika majengo yenye unyevu na ukungu wako katika hatari zaidi ya kupata matatizo ya njia ya hewa na kuzidiwa na pumu. Ukungu huo, ambao wengine huuita kuvu au fangasi, hutoa chembe ndogo sana zinazoelea hewani tukazivuta bila ya kuziona.

Kuhusu dawa, mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Bergen nchini Norway walichapisha matokeo ya kuwafuatilia watu zaidi ya 6,000 kwa takriban miaka 20. Wanawake waliokuwa wakifanya usafi, ama kwa ajira ama majumbani mwao, uwezo wa mapafu yao ulipungua kwa kasi zaidi kuliko wanawake wasiofanya kazi hiyo. Mmoja wa watafiti hao alieleza kuwa kwa kazi nyingi za usafi, kitambaa kizuri na maji vinatosha. Subhanallah! Norway, baada ya miaka 20 ya kupima mapafu ya watu, imerudi kwenye lile jibu alilopewa Khawla (r.a.).

Kisha kuna hatari ya kuchanganya. Dawa ya kung'arisha nguo nyeupe, ambayo wengi tunaiita jiki hata ikiwa imetengenezwa na nani, ikikutana na asidi hutoa gesi ya klorini. Asidi hiyo imo katika dawa nyingi za kuondoa ugando chooni, na hata siki ya jikoni ni asidi. Jiki ikikutana na amonia, iliyomo katika baadhi ya dawa za kusafishia vioo, hutoa gesi nyingine yenye sumu. Na mkojo uliokaa nao hutoa amonia, ndiyo maana ukimwaga jiki juu ya choo ambacho hakijamwagiwa maji unajikuta unakohoa. Gesi ya klorini ndiyo ile iliyotumika kama silaha kule Ypres, Ubelgiji, tarehe 22 Aprili 1915 katika Vita ya Kwanza ya Dunia, ikaua askari kwenye mahandaki yao. Huko walikuwa uwanja wa wazi. Sisi tunaitengeneza wenyewe ndani ya choo chenye tundu moja la hewa, huku tumefunga mlango!

Sijda 34 juu ya zulia

Sasa tuje msikitini. Muislamu ana rakaa 17 za faradhi kila siku, na kila rakaa ina sijda mbili. Hizo ni sijda 34, bila kuhesabu sunna. Katika sijda tumeamrishwa kuweka viungo saba chini, na paji la uso linakwenda pamoja na pua. Maana yake ni kwamba pua yako inagusa zulia mara 34 kwa siku, na unavuta pumzi ukiwa hapo hapo. Hakuna mtu mwingine mwenye ukaribu na zulia kama Muislamu anayeswali.

Na mazulia yetu yana hali gani? Watu wanatoka kutia udhu miguu ikichuruzika maji, wanaingia moja kwa moja. Paa linavuja wakati wa masika, zulia linalowa, linaachwa likauke lenyewe. Harufu ya uvundo ikianza, kamati inanunua dawa ya kupuliza. Uvundo unafunikwa na manukato, na ukungu unaendelea kukua chini yake. Hapo mwenye kifua dhaifu anapata mawili kwa mpigo, ukungu na kemikali.

Ukungu wenyewe asili yake si najisi, kwani asili ya vitu ni tahara mpaka ipatikane dalili. Kwa hiyo swala juu ya zulia lile inasihi. Lakini suala la madhara liko pale pale. Mtume (s.a.w.) ametufundisha kuwa katika Uislamu hakuna kudhuru wala kulipizana madhara, na kwamba kuondoa njiani kitu chenye kuudhi ni katika matawi ya imani. Ikiwa mwiba wa barabarani kuuondoa ni imani, vipi kinachoingia mapafuni mwa mwenye kusujudu?

Kamati za misikiti zinaweza kufanya haya bila gharama kubwa. Ziweke taulo au mikeka ya kufutia miguu kati ya sehemu ya udhu na ukumbi. Zizibe paa kabla ya mvua. Zulia likilowa, litolewe juani siku hiyo hiyo, kwani ukungu hauhitaji zaidi ya saa 24 hadi 48 za unyevu kuanza kuota. Sehemu iliyokwisha kuoza ikatwe na kutupwa. Madirisha yafunguliwe. Dawa kali, kama ni lazima, zitumike baada ya isha, si robo saa kabla ya Ijumaa.

Nyumbani

Kwanza, tujue kwamba ugonjwa wa ukungu ni maji. Ukisugua ukuta leo na bomba bado linavuja nyuma yake, wiki ijayo madoa yatarudi. Anza na bomba, mfereji wa paa, au dirisha lililozibwa na kabati. Kupaka rangi juu ya ukungu ni kujidanganya, utaibandua rangi ile.

Pili, doa dogo lisilozidi takriban mita moja ya mraba kwenye ukuta mgumu, sakafu au vigae linasuguliwa kwa maji na sabuni, kisha panakaushwa kabisa. Kukausha ndiko kunakosahauliwa. Usifagie ukungu mkavu kwa ufagio, utazirusha chembe zake chumba kizima, bali upanguse kwa kitambaa chenye maji. Si lazima kuumwagia jiki, kwani hata ukungu uliokufa bado huweza kumdhuru mwenye mzio. Godoro, mto au boksi la vitabu lililoota ukungu ndani kwa ndani halisafishiki, ni bora litoke nje ya nyumba. Wengi wetu tuliona hayo baada ya mafuriko ya Desemba 2011 katika bonde la Mto Msimbazi, ambapo magodoro yaliyoanikwa juani yalikauka juu, lakini ndani yakabaki na uvundo wake.

Tatu, mwenye pumu au mzio asiwe ndiye msafishaji wa ukungu. Kazi hiyo aifanye mwingine, na mgonjwa asiwepo chumbani. Hapa waume tujitazame. Bibi Aisha (r.a.) alipoulizwa Mtume (s.a.w.) alikuwa akifanya nini nyumbani, alieleza kuwa alikuwa katika kuwahudumia ahli zake. Mume mwenye mapafu mazima anayemwachia mke mwenye pumu asugue choo, kisha yeye akaenda barazani kunywa kahawa, ajue kuwa sunna ameiacha nyuma ya mlango wa choo.

Nne, kama ni lazima kutumia jiki, fungua dirisha na mlango, mwaga maji mengi kwanza chooni, changanya jiki na maji ya baridi kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa, wala usiichanganye na dawa nyingine yoyote. Vaa glavu. Barakoa ya kawaida haisaidii kitu hapa. Hata ile ya N95 huzuia chembe za ukungu, lakini haizuii mvuke wa klorini. Ukihisi macho yanawasha na kifua kinabana, toka nje kwenye hewa safi, usijikaze ili umalize.

Tano, dawa zinazouzwa mitaani katika chupa za maji ya kunywa ni fitina. Mtoto hajui tofauti. Ukinunua, iandike chupa hiyo na uiweke mbali na mkono wake. Na vile vidonge vyeupe vya naftalini tunavyoweka kabatini visikaribie nguo za mtoto mchanga. Wako watoto waliozaliwa na upungufu fulani katika damu, ambao mvuke wa vidonge hivyo huweza kuvunja chembe zao nyekundu za damu.

Katika nyumba za kupanga, ambapo vyumba sita vinachangia choo kimoja na ukumbi mmoja, jambo hili linakuwa haki ya jirani. Mtume (s.a.w.) ameapa kuwa haamini mtu ambaye jirani yake hasalimiki na shari zake. Kabla hujamwaga dawa, gonga mlango wa jirani: “Dada, nataka kuosha choo, mtoe mtoto nje kidogo.” Sentensi moja tu, nayo ni ibada.

Ndani ya gari

Gari ni chumba kidogo kuliko vyote tunavyokaa, na hewa yake ni ndogo vile vile. Magari mengi tunayonunua yametumika Japani, yakasafiri baharini wiki kadhaa yakiwa yamefungwa. Wengi wetu tukilipokea tunakimbilia kuliosha viti kwa povu na kuning'iniza manukato kwenye kioo. Povu lile likiingia ndani ya sponji na gari likafungwa likiwa bichi, tumeotesha bustani ya ukungu chini ya makalio yetu.

Utaratibu ulio salama ni huu. Toa mazulia yote, yafue kwa sabuni ya kawaida, yaanike juani mpaka yakauke. Nyanyua na zulia la chini, ukague kama kuna maji. Viti vifutwe kwa kitambaa chenye unyevu kidogo, visimwagiwe maji. Milango ibaki wazi juani. Ikibaki harufu, nyunyiza magadi ya kuokea, yaache usiku mzima, kisha uyafyonze kwa mashine au uyafute. Magadi hayana harufu na hayamfukuzi mtu.

Kiyoyozi kikitoa harufu ya soksi chafu, jua kuna unyevu ndani yake. Badilisha chujio la hewa ya ndani, hakikisha bomba la kutolea maji chini ya gari halikuziba, na dakika chache kabla ya kufika uzime ubaridi uache feni ipulize ili mle ndani mkauke. Na gari lililokaa juani lifungue milango kabla hujapakia watoto, kwani joto huzidisha mvuke wa manukato, gundi na plastiki.

Kwa ndugu zetu madereva wa teksi: abiria ni amana. Anayekuomba uondoe ile chupa ya manukato hajakutukana. Pengine anaiomba roho yake.

Wanaosafisha kwa niaba yetu

Nimalizie kwa haki ya watu tunaowasahau. Abu Hurayra (r.a.) amesimulia habari za mtu mweusi, na riwaya nyingine zinasema alikuwa mwanamke, aliyekuwa akiufagia msikiti wa Mtume (s.a.w.). Alipofariki, maswahaba walimzika bila ya kumjulisha Mtume (s.a.w.), kama kwamba waliliona jambo lake ni dogo. Mtume (s.a.w.) alipomkosa akamuulizia, akawalaumu kwa kutomwambia, akataka aonyeshwe kaburi lake, akaenda kumswalia.

Mfagizi wa msikiti alikuwa na nafasi hiyo mbele ya Mtume wa Allah (s.a.w.). Dada wa kazi na mzee anayesafisha msikiti wetu wana nafasi gani mbele yetu? Tunawapa chupa ya asidi na tambara, bila glavu wala viatu, tunafunga mlango. Akikohoa tunasema amezoea. Mapafu hayazoei, huchakaa. Mwenye kumwajiri mtu ataulizwa juu ya ujira wake, na ataulizwa pia juu ya mwili wake alioutumia katika kazi ile.

Na kwa mwenye maradhi haya ninasema: usione haya. Maradhi ni udhuru unaokubalika katika kuacha jamaa, na dini haikuwekewa uzito (22:78). Lakini usinyamaze pia. Mwendee imamu, iendee kamati, mwendee mwenye nyumba, useme kwa adabu kinachokudhuru. Aliyesikia kisha akapuuza, hoja imemthibitikia.

Ewe Mola wetu, zitakase nyumba zetu na misikiti yetu kwa usafi unaokuridhisha, waponye wagonjwa wetu wa vifua, na utujaalie tuwe miongoni mwa wale ambao jirani zao wanasalimika nao. Wabillahi tawfiq.